Nikifa, Atabaki na Nani? Shamba Kama Darasa kwa Ndugu Zetu Wenye Ulemavu wa Akili

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya alasiri, mwezi wa Ramadhan, Nakuru)

Bismillahi Rahmani Rahim.

Himdi na shukrani zote zinamstahiki Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahli zake, maswahaba zake, na kila anayefuata mwendo wao mpaka siku ya Kiyama. Ama baad.



Najua mmefunga, jua la Nakuru leo limewaka na koo zimekauka, kwa hivyo sitawachosha. Nimeombwa nizungumze juu ya kusaidia wanyonge. Nikajiambia, hiyo mada kila Ramadhan tunaisikia. Tunatoa unga, mchele na tende, tunapiga picha, tunakwenda zetu. Leo nataka nizungumze juu ya mnyonge mmoja ambaye hatumpelekei unga, kwa sababu yuko ndani mwetu wenyewe.

Ninalo swali. Mama yangu aliniuliza swali hili usiku mmoja wakati wa daku. Alikuwa amekwisha kumwamsha kaka yangu, amemnawisha, amemwekea chai na mkate. Akanigeukia akaniambia: "Mwanangu, mimi nikifa, huyu atabaki na nani?" Wallahi sikuwa na jibu. Nilikunywa maji nikaangalia chini.

Kaka yangu

Kaka yangu ni mkubwa kwangu kwa miaka minne. Alizaliwa na ulemavu wa akili. Si wazimu, na hapa tuelewane vizuri, kwa sababu watu wengi huchanganya. Mwenye maradhi ya akili aweza kuwa alikuwa mzima, akaugua, akatibiwa, akapata nafuu. Mwenye ulemavu wa akili kazaliwa hivyo, au ubongo wake uliumia akiwa mtoto. Anajifunza, lakini anajifunza polepole, na mambo mengine hatayafikia. Si pepo, si laana, wala si dhambi ya mama yake. Wapo waliotuambia tumpeleke akasomewe. Tukampeleka. Kisomo ni kheri na dua ni silaha ya muumini, lakini dua haikuwa sababu ya sisi kukaa tu bila kumfundisha kufunga vifungo vya shati.

Alipokuwa mdogo alipata shule. Hapa mjini kwetu tunazo shule maalum, kama ile ya Nakuru Hills, na tuwashukuru walimu wanaofanya kazi hiyo, maana ni kazi ya subira. Lakini shule hizi kazi yake kubwa ni watoto. Mtoto hukua. Anaota ndevu, sauti inakuwa nzito, na siku moja mnaambiwa amemaliza. Haya, amemaliza aende wapi? Hana cheti cha kumpeleka kazini na hana chuo. Anarudi nyumbani.

Kaka yangu alirudi nyumbani akakaa kwenye benchi nje ya mlango. Miaka mitatu. Watoto wanapita wanamwita majina. Mama akienda kuuza sokoni humfungia ndani, si kwa ukatili bali kwa hofu, kwa sababu siku moja alipotea, tukamkuta usiku karibu na reli, anatetemeka. Mama mwenye kufunga mlango ule alikuwa akilia. Lakini mlango ulifungwa.

Na msidhani ni sisi peke yetu. Sensa ya mwaka 2019 ilipata Wakenya wapatao laki tisa, kuanzia umri wa miaka mitano kwenda juu, wenye ulemavu wa aina mbalimbali. Kati yao zaidi ya laki mbili walikuwa na shida ya kukumbuka au kufahamu mambo. Hao ni waliohesabiwa. Je, yule ambaye karani alipobisha hodi, familia ikasema "hapa tuko watano tu," na ndani wako sita?

Mtume (S.A.W.) alifanyaje?

Sasa turudi kwenye dini yetu, maana hatukukusanyika hapa kuhuzunika.

Imepokewa katika Sahih Muslim kutoka kwa Anas (R.A.) kwamba mwanamke mmoja aliyekuwa na kitu katika akili yake alimjia Mtume (S.A.W.) akasema ana haja naye. Mtume hakumwambia aliyekuwa karibu amwondoe. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo ili amtimizie haja yake, akaenda naye pembeni mpaka akamaliza yote aliyokuwa nayo. Fikirini, kiongozi wa dola, mwenye Wahyi unaomshukia, anasimama njiani kumsikiliza mtu ambaye mji mzima humpita. Sisi tunasema hatuna wakati.

Hadithi ya pili ndiyo nataka muichukue nyumbani. Kulikuwa na mtu zama za Mtume (S.A.W.) ambaye akili yake ilikuwa dhaifu, na alikuwa akipenda kununua na kuuza. Watu wakimpunja. Jamaa zake wakamjia Mtume wakamwomba amzuie asifanye biashara. Mtume akamwita, akamkataza. Yule mtu akasema, ewe Mtume wa Allah, mimi siwezi kuvumilia kuacha kuuza na kununua. Basi Mtume akamfundisha neno la kusema kila anapouziana na mtu, kwamba katika biashara hii hakuna kudanganyana. Ameipokea Abu Dawud, na asili yake iko katika Bukhari na Muslim.

Hebu tuitazame vizuri. Jamaa zake walikuwa na nia njema. Walitaka kumlinda, kama mama alivyotaka kumlinda kaka yangu kwa kufunga mlango. Lakini Mtume (S.A.W.) alipomsikia mwenyewe akisema hawezi kukaa bila kazi, hakumfungia. Wala hakumwachilia sokoni hivi hivi aliwe na wajanja. Alimpa chombo, sentensi moja fupi anayoiweza, ambayo inamlinda yeye na inawabana wengine. Huo ndio msingi wa yote nitakayosema. Mtu asifungiwe, mtu asitupwe, bali apewe kazi anayoiweza na kinga pamoja nayo.

Kwa nini shamba?

Mwaka 1938 daktari mmoja wa Austria, Karl König, aliikimbia nchi yake baada ya Wanazi kuingia. Akapata hifadhi Scotland. Kule alikotoka, kuanzia mwaka 1939, Wanazi walianza mpango wa kuwaua watu wenye ulemavu, na watu zaidi ya 70,000 waliuawa katika mpango ule kabla ya kusimamishwa rasmi mwaka 1941. Wakati huo huo, mwaka 1940, huyu mkimbizi na wenzake wakaanzisha makao ya watoto wenye ulemavu wa akili karibu na Aberdeen, mahali panapoitwa Camphill. Watoto wakakua, na wazazi wakauliza lile swali la mama yangu: sasa waende wapi? Ndipo mwaka 1955 kikaanzishwa kijiji cha watu wazima huko Botton, kaskazini mwa Uingereza, chenye mashamba, ng'ombe na karakana. Leo jumuiya za namna hiyo ni zaidi ya mia moja duniani. Hawakuwa Waislamu, lakini jambo jema tunajifunza popote lilipo.

Na si lazima twende mbali. Panda matatu hapa mpaka Nyahururu. Kule iko jumuiya ya L'Arche, ambamo watu wenye ulemavu wa akili na wasaidizi wao wanaishi pamoja kama familia. Wenzetu Wakatoliki wamefanya. Mimi huwauliza vijana wenzangu: sisi tunangojea nini?

Sisi tuko Bonde la Ufa. Ukitoka mjini upande huu ni Njoro, upande huu Bahati na Subukia, mbele Rongai na Molo. Chuo Kikuu cha Egerton kilianza mwaka 1939 kikiwa shule ya kilimo. Molo kuna chuo cha kilimo cha Baraka tangu mwaka 1974. Ujuzi wa ardhi umetuzunguka. Na shamba lina mambo manne ambayo ofisi na duka hazina.

Kwanza, kazi ya shamba inarudiwa. Kila siku kuku hula, kila siku mche hutaka maji. Mtu anayejifunza polepole anahitaji jambo lile lile, kwa mpango ule ule, mpaka limwingie. Pili, matokeo yanaonekana kwa macho. Huhitaji kusoma ili ujue kwamba sukuma wiki imestawi. Tatu, shamba lina kazi ya kila mtu. Mwenye nguvu atalima, asiyeweza kusimama atakaa kivulini atie udongo kwenye vikaratasi vya miche, na yule ambaye hata hilo haliwezi, atapata uji, hewa na watu wa kukaa nao. Nne, mmea haumcheki mtu.

Na thawabu ipo. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba Muislamu akipanda mti au mmea, kisha akala ndege, au mtu, au mnyama, basi hiyo ni sadaka yake. Kaka yangu huenda asiweze kuhesabu zaka, lakini sadaka hii anaiweza.

Trei ya mayai na kopo la mvua

Niwaeleze ilivyokuwa. Mjomba wetu ana shamba dogo upande wa Njoro. Akamwambia mama, niachie huyu siku mbili tatu. Siku hizo zikawa wiki, kisha miezi.

Wiki ya kwanza ilikuwa kichekesho. Alifundishwa kumwagilia miche kila asubuhi. Siku moja mvua imenyesha usiku kucha, matope kila mahali, na yeye yuko pale na debe anamwagilia. Wafanyakazi wakacheka. Mjomba hakucheka. Alisema, "Kosa ni langu, nilimwambia maji, sikumwambia mvua." Akachukua kopo tupu la maziwa, akaliweka wazi kando ya kitalu. Akamfundisha: ukiamka, tazama kopo. Kopo likiwa kavu, mwagilia. Kopo likiwa na maji, Mungu ameshamwagilia. Tangu siku hiyo hajakosea.

Kuokota mayai pia. Kaka yangu hajui kuhesabu kupita tano. Lakini trei ya mayai ina matundu thelathini. Kila tundu yai moja. Trei ikijaa, anaipeleka jikoni. Hesabu imefanywa na trei. Kupanda sukuma, alikatiwa kijiti cha urefu unaotakiwa kati ya shimo na shimo. Kazi ikigawanywa vipande vidogo, na kila kipande kikapewa alama ya kushika au kuona, mtu huyu anaweza mambo ambayo sisi tulikwisha kuapa kwamba hayawezi.

Siku aliporudi nyumbani mara ya kwanza alikuja na mayai sita ndani ya kikapu. Akampa mama. Hakusema kitu. Mama alipika mayai yale futari, na mimi nawaambia, katika umri wangu wote sijamwona mama akila chakula vile. Mtume (S.A.W.) amesema kwamba hakuna aliyekula chakula bora kuliko kile cha kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (A.S.) alikuwa akila cha mkono wake. Kaka yangu alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja. Ndiyo mara ya kwanza alipoilisha nyumba yake.

Tahadhari

Nisije nikawapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Jambo hili lina hatari zake, na tukilianza bila adabu tutadhulumu.

Moja, si utumishi wa bure. Mtu akifanya kazi na mazao yakauzwa, apate fungu lake. Tumeamrishwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na hakuna aliyesema "isipokuwa mwenye ulemavu." Na kama hapendi shamba asilazimishwe. Yuko atakayependa kushona au kuoka mikate.

Mbili, ulinzi. Watu hawa hudhulumiwa kwa urahisi, wa kike na wa kiume, na mara nyingi na mtu wanayemjua. Kwa hivyo asiachwe mtu mzima mmoja peke yake nao mahali pa faragha, na wasichana wasimamiwe na kina mama. Dawa za kunyunyizia mimea zifungiwe kwa kufuli. Mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto au kisima.

Tatu, Ramadhan yenyewe. Kalamu imenyanyuliwa kwa asiye na akili ya kufahamu ibada, na huyo hawajibiki na saumu. Anayefahamu na akapenda kufunga na wenzake, asaidiwe, lakini dawa zake zisikatizwe bila ya daktari. Msimlazimishe mtu njaa asiyoielewa.

Nne, mali yake. Katika mirathi fungu lake ni kamili, halipungui hata shilingi. Qur'ani katika Suratun Nisaa inatuelekeza kwamba asiyeweza kuisimamia mali asikabidhiwe, lakini alishwe na avishwe kutokana nayo, na aambiwe maneno mema. Msimamizi anashika mali kwa niaba yake. Hajirithishi. Wangapi hapa wamemega shamba la ndugu yao kwa sababu "yeye hajui"? Yeye hajui, lakini Allah anajua.

Tano, sheria ya nchi. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inampa mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na ya kutoitwa kwa namna ya kumdhalilisha. Ile michezo ya kuita watu majina mitaani si dhambi tu, ni kuvunja Katiba. Na liko Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 2003. Mwandikisheni mtu wenu. Mtu mzima asiye na kitambulisho wala kadi ni rahisi kusahauliwa.

Tuanze wapi?

Hatuhitaji kungoja mfadhili. Mimi naomba mambo matatu tu.

La kwanza, vijana, tujigawe mitaa: Bondeni, Kivumbini, Shabaab, Kaptembwo, kote. Tubishe hodi kwa adabu, tuongozane na dada zetu ili kina mama watufungulie, tujue nani yuko wapi. Hatuwezi kumsaidia tusiyemjua.

La pili, mwenye kipande cha ardhi, hata robo ekari, atukopeshe. Tuanze na watu watano au sita, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, siku tatu kwa wiki, kuku kidogo na kitalu cha mboga. Ndogo lakini ya kudumu. Haba na haba hujaza kibaba. Msidharau asubuhi tatu hizo, kwa sababu kwa mama aliyefungwa na mtoto wake miaka ishirini, ni asubuhi tatu za kwenda sokoni, za kwenda hospitali, za kulala tu.

La tatu, kila kijana hapa atoe saa mbili kwa wiki. Si pesa, ni saa. Kuna hadithi katika Bukhari inayotueleza kwamba tunanusuriwa na kuruzukiwa kwa sababu ya wanyonge wetu. Sisi tunadhani tunawabeba wao. Kumbe wao ndio waliotubeba.

Mama yangu bado yuko hai, Alhamdulillahi, na bado anaamka kumwandalia daku. Lile swali lake sijalijibu kikamilifu, na peke yangu siwezi kulijibu. Mjomba naye ni mzee. Ndiyo maana nimelileta kwenu. Akiondoka mama, nataka kaka yangu abaki na jamaa zake, na jamaa zake ni nyinyi.

Ramadhan ijayo, Insha Allah, tukiandaa futari ya pamoja hapa, sukuma wiki na mayai yatoke shamba hilo, na waliopanda wakae nasi mkekani, mstari wa mbele.

Ewe Mola wetu, tupokelee saumu zetu, wape subira kina mama wanaolea kwa siri, tufungulie milango tuliyoifunga kwa mikono yetu, na usituulize siku ya Kiyama juu ya ndugu tuliyempita njiani. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.